Asili ya Jina Sisibo, na Jinsi Kamusi Zinavyotungwa

Wazee wa Kinandi wanaokaa karibu na Eldoret wanalo jina jingine la kuuita mji huo, nalo ni Sisibo. Mgeni alisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni jina la mto, au la kilima, au la mzee fulani wa zamani aliyekaa hapo na ng'ombe wake. Sivyo hata kidogo. Sisibo ni Kiingereza. Ni hesabu ya sitini na nne, yaani "sixty-four", iliyopita katika vinywa vya Wanandi ikatoka na sura nyingine.

Namna jina hilo lilivyogeuka si jambo la kustaajabisha. Lugha ya Kinandi haina sauti ya f. Sauti iliyo karibu nayo ni p, na p hiyo ikikaa katikati ya vokali mbili husikika masikioni kama b. Basi "four" ikawa "bo", na zile konsonanti zinazosongamana katikati ya "sixty" zikalegezwa ili ulimi upite bila ya kujikwaa. Waswahili nao wamefanya vivyo hivyo kwa maneno mengi, kama vile "cupboard" kuwa kabati, na hakuna mtu anayelalamika.

Lakini kwa nini sitini na nne? Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na maksai, katika nchi ambayo zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai na Wanandi. Nchi hiyo ikagawanywa kuwa mashamba, na kila shamba likapewa nambari yake. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na mji ukaanza kukua kuizunguka posta hiyo. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret, jina ambalo inasemwa limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, kwa kuwa mto Sosiani hupita juu ya mawe mengi. Hata hivyo jina la nambari halikufa. Reli ilifika mwaka 1924, bendera ya Waingereza ikashushwa mwaka 1963, na mwezi wa Agosti mwaka 2024 Eldoret ikapandishwa cheo kuwa jiji. Na bado mzee wa kijijini akiulizwa aendako huweza kujibu kwamba anakwenda Sisibo.

Hapa ndipo linapoanza jambo linalomhusu mtunga kamusi. Ziko habari mbili zinazosimuliwa juu ya nambari hiyo. Wengine husema kwamba ilikuwa nambari ya shamba tu, kama mashamba mengine yalivyokuwa na nambari zake. Wengine husema kwamba ni kwa sababu mahali hapo palikuwa maili 64 kutoka kituo cha reli cha Kibigori. Huenda habari zote mbili zikachanganyika katika kitabu kimoja na msomaji asione kosa. Mtunga kamusi hana ruhusa ya kuchagua ile inayopendeza zaidi. Yeye huuliza: nani aliyeandika hivyo kwanza, na mwaka gani? Hati ya upimaji, barua ya mlowezi, kitabu cha posta, chochote chenye tarehe. Kama hapana, basi hana budi kuandika kwamba wengine husema hivi na wengine hivi, akaacha hapo, ingawa mkono wake unawashwa kuendelea.

Tena maneno ya Kiingereza yaliyomo katika habari hiyo ya Sisibo yana mambo yake yenyewe. Neno "farm", kwa mfano, ambalo kila mtoto wa shule hufundishwa kuwa maana yake ni shamba, zamani halikuwa na maana ya shamba hata kidogo. Lilitokana na neno la Kilatini lililopitia Kifaransa, na maana yake ilikuwa malipo yaliyokatwa, yaani kodi isiyobadilika inayolipwa kila mwaka. Baadaye likawa na maana ya ardhi iliyokodishwa kwa malipo hayo, na mwisho likawa ardhi yoyote inayolimwa, hata kama mwenyewe halipi kodi kwa mtu. Katika Uasin Gishu maana ile ya kale ilirudi bila ya wenyewe kujua, kwa sababu mashamba mengi ya walowezi yalikuwa ya kukodishwa na Serikali. Sheria ya mwaka 1915 ndiyo iliyoongeza muda wa kukodisha kutoka miaka 99 hadi miaka 999.

Neno "mile", ambalo Waswahili hulitamka maili, ni la askari wa Kirumi. Asili yake ni elfu, yaani hatua elfu za askari, hatua moja ikihesabiwa pale mguu ule ule unapokanyaga chini mara ya pili. Na "post" asili yake ni kitu kilichowekwa mahali. Watu na farasi waliwekwa njiani, umbali kwa umbali, mmoja akimpokea mwenzake barua na kuzipeleka mbele, mpaka jina la mahali pa kungojea likawa jina la barua zenyewe, na la nyumba zinamopokelewa.

Mtu mwenye akili atauliza: haya yote yamejulikanaje? Nani aliyewasikia Waingereza wa miaka mia saba iliyopita wakisema "farm" kwa maana ya kodi? Hakuna aliyewasikia. Lakini waliandika, na maandishi yao yalisomwa na watu wenye subira kubwa, mstari kwa mstari, ili kutungwa kamusi moja ambayo haijapata kuwa na mfano wake.

Watu wengi hudhani kwamba kamusi ni kitabu cha sheria; kwamba wako wakuu fulani, huko Uingereza au Unguja, wanaokaa mezani na kukata shauri neno hili litumike na lile lisitumike. Wapo waliotaka iwe hivyo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alianza kazi akiwa na tamaa ya kuisimamisha lugha ili isiharibike tena, akamaliza akikiri kwamba tamaa hiyo haiwezekani. Alikuwa mtu wa mzaha pia. Alipofika kwenye nafaka ya shayiri wanayolishwa farasi, alieleza kwamba katika Uingereza hupewa farasi lakini katika Scotland ndiyo inayowalisha watu, na hali wasaidizi wake watano kati ya sita walikuwa Waskoti. Mzaha wa namna hiyo leo usingepita mbele ya mhariri, na pengine kamusi zimepungukiwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha mjini London, jina lake Philological Society, kilimsikiliza kasisi mmoja, Richard Chenevix Trench, akizieleza kasoro za kamusi zote za Kiingereza zilizokuwapo. Shauri lake lilikuwa kwamba mtunga kamusi ni mwandishi wa historia ya maneno, wala si hakimu wao. Hana haki ya kulikataa neno kwa sababu halimpendezi. Kazi yake ni kuonyesha lilizaliwa lini, lilikuwa na maana gani, lilibadilikaje, na kama limekufa, lilikufa lini. Na ili aonyeshe hayo lazima kila neno liletewe mashahidi, yaani sentensi zilizoandikwa na watu wa kila karne.

Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861 kabla kazi haijasonga mbele. Kazi ikalegea kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1879 ilipokabidhiwa kwa mwalimu wa shule, James Murray. Bwana huyo alikuwa mtoto wa fundi cherehani katika kijiji cha Scotland, naye aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Lugha nyingi alizozijua alijifundisha mwenyewe. Alipokea magunia ya vikaratasi vilivyokusanywa na waliomtangulia, uzito wake kama tani mbili. Katika gunia moja alimkuta panya aliyekufa, na katika jingine panya hai na watoto wake.

Murray alijenga banda la mabati katika uwanja wa nyumba yake, akalipa jina la Kilatini lenye maana ya mahali pa kuandikia, akaweka ndani yake vishubaka zaidi ya elfu moja vya kutia vikaratasi. Kisha akatoa ombi kwa watu wote wasemao Kiingereza. Kila mtu asome kitabu, na akiona neno lililotumiwa kwa namna inayostahili kuangaliwa, achukue kikaratasi cha ukubwa wa nusu ya karatasi ya barua, aandike neno lenyewe upande wa juu, na chini yake jina la kitabu, mwandishi, mwaka, ukurasa, na sentensi nzima. Basi. Hakuna aliyeombwa aeleze maana. Aliombwa kuleta ushahidi tu.

Watu waliitika. Walikuwamo makasisi, walimu, wanawake waliokaa nyumbani, na daktari mmoja Mmarekani, William Chester Minor, aliyekuwa amefungwa katika nyumba ya wendawazimu ya Broadmoor kwa kumwua mtu mwaka 1872, naye akapeleka maelfu ya vikaratasi vilivyoandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Murray alipohamia Oxford, Idara ya Posta iliweka sanduku la barua mbele ya nyumba yake kwa wingi wa barua alizopeleka, na barua iliyoandikwa jina lake na neno Oxford tu ilimfikia. Watoto wake kumi na mmoja walipewa peni chache kwa kupanga vikaratasi kwa kufuata alfabeti kabla ya kwenda shule.

Ilitazamiwa kwamba kazi ingekwisha kwa miaka kumi. Baada ya miaka mitano, mwaka 1884, kilitolewa kitabu cha kwanza, nacho kilikuwa kimefika kwenye neno la kumtaja sisimizi, "ant". Kamusi nzima ilikwisha mwaka 1928, ikiwa na maneno 414,825 na sentensi za ushahidi 1,827,306. Murray mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1915, akiwa ameifikia herufi ya T.

Tena halikukosekana kosa. Neno la Kiingereza lenye maana ya kijakazi, "bondmaid", lilipotea kabisa. Vikaratasi vyake vilikuwa vimeanguka mahali visionekane, na kitabu cha herufi ya B kikachapwa bila ya neno hilo. Vilipatikana baadaye sana, na neno likaingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Miongoni mwa maneno yote hayo, lililosahauliwa lilikuwa la mtumwa wa kike.

Sasa, vikaratasi vikisha kukusanywa, mtu hufanyaje? Huvimwaga mezani. Huvisoma vyote, na kuvitenga mafungu mafungu kwa jinsi maana zinavyoachana, kama mama anavyochagua mchele na kutenga chuya. Fungu la kale zaidi huwekwa mbele. Kisha huandika maelezo kwa maneno ambayo ni mepesi kuliko neno linaloelezwa, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kumweleza mtu tembo ni nani ni rahisi. Kumweleza maana ya "kwa" ni kazi ya siku nyingi.

Mfano ulio bora kwa watu wa Eldoret ni neno la Kiingereza la kukimbia, kwa kuwa hakuna mji duniani uliotoa wakimbiaji mashuhuri kwa wingi kama nchi hiyo ya nyanda za juu. Mwaka 1928 kitenzi kilichowashinda wengine wote kwa wingi wa maana kilikuwa "set", yaani kuweka. Wahariri wa Oxford waliporudia kamusi yao kwa wakati wetu, "run" ilikipita. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, aliishughulikia kwa muda wa miezi tisa, na ilipokwisha, mwaka 2011, ilitangazwa kwamba kitenzi hicho peke yake kina maana 645.

Mwanafunzi anayetafuta neno hilo katika kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili hukuta mbele kabisa neno kimbia, akafunga kitabu na kuridhika. Kisha huandika kwamba mto ulikimbia, kumbe mto hutiririka. Huandika kwamba mashine inakimbia, kumbe inafanya kazi, au inazunguka. Akisoma kwamba mtu fulani anasimama kutaka ubunge, kwa Kiingereza naye "anakimbia", ingawa kwa Kiswahili hugombea. Na mwenye duka, anayeliendesha duka lake kwa bidii, mwanafunzi huyo ataandika kwamba analikimbia duka lake, na kila asomaye ataelewa kwamba ameingiwa na hofu akatoroka. Kosa hili si la kuchekesha tu. Katika mtihani huondoa alama, na katika hati ya mahakama au ya dawa huweza kuleta madhara makubwa. Aliyetunga kamusi hiyo hakusema uongo. Alikuwa na nafasi ya mstari mmoja, na mwanafunzi alikuwa na haraka.

Maana hubadilika hata katika neno moja, na yeyote asomaye vitabu vya kale vya Kiingereza bila ya kamusi yenye tarehe hupotea njia. Neno "nice", ambalo leo ni la kusifu chakula na watu, miaka mia sita iliyopita lilikuwa na maana ya mjinga, kwa kuwa asili yake katika Kilatini ni asiyejua. Wanafunzi wa Eldoret wakiambiwa hayo hushangaa. Lakini Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo, na mengine yametoka katika Kiingereza chenyewe. Tazama neno meli. Zamani Waswahili walisema merikebu, jahazi, na majina mengine mengi ya vyombo vya tanga. Mwaka 1872 vyombo vya moshi vya kampuni ya British India vilianza kuleta barua Unguja kila mwezi. Kwa Kiingereza barua hizo huitwa "mail". Watu walipopiga kelele pwani kwamba "mail" imefika, kilichoonekana baharini si barua bali chombo, na chombo ndicho kilichobaki na jina. Leo hakuna baharia anayefikiri juu ya barua anaposema meli. Manowari nayo ni Kiingereza, "man-of-war", ijapokuwa imevaa kanzu ya Kiswahili hata haitambulikani.

Kutunga kamusi ya Kiswahili kuna mashaka ambayo Murray hakuyajua. Kiingereza humalizia maneno yake, Kiswahili huyaanzia. Wingi wa "book" hupatikana mwishoni mwa neno, na aliyelitafuta huwa yuko pale pale katika ukurasa. Lakini walimu hawapatikani katika herufi ya W, wala hawakupika katika H. Tena watu wenyewe huongeza kazi. Walipochukua kutoka Kiingereza neno la kizuia matope cha baiskeli, "mudguard", wakasema madigadi, kisha wakaona kwamba ma ya mwanzo lazima iwe ya wingi, basi kimoja kikawa digadi. Vivyo hivyo huko Tanganyika ya zamani na Tanzania ya leo, kibao cha barabarani kinachomwamuru dereva ashike upande wa kushoto, "keep left", kilizaa kipilefti, jina la mzunguko wa barabara, na wingi wake vipilefti, kana kwamba ki hiyo ilikuwa ya Kibantu tangu enzi za mababu. Watu waliosoma sana huyacheka maneno hayo. Mtunga kamusi hayacheki. Huyaandika pamoja na mwaka.

Kazi ya kuandika maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilianza na huzuni. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Alibaki, akajifunza lugha, akaandika maneno aliyoyasikia Mombasa, na baadaye akakaa Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwezi wa Novemba mwaka 1881. Kisha A. C. Madan alitunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, akifuata lafudhi ya Unguja.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lugha ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na tangu tarehe 1 Januari 1930 Halmashauri ya Lugha ya nchi zote za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi, mwandishi wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Watu wa Mombasa hawakufurahi, na haki walikuwa nayo, kwa sababu maneno yao, yenye mashairi ya karne nyingi, yalianza kuwekewa alama kama ya kigeni katika nchi yao wenyewe. Johnson alisimamia kamusi mbili kubwa zilizotolewa mwaka 1939. Yeye pia hakuziona. Alifariki mwaka 1937.

Kamusi zile zote zilitungwa hasa kwa ajili ya mgeni: bwana shauri, mmisionari, mlowezi anayetaka kumwamuru mpishi wake. Mswahili alikuwa shahidi, aliulizwa maneno yake, lakini hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Kitabu cha kwanza cha kueleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe kilitoka mwaka 1935, kazi ya Johnson huyo huyo, nacho kilikuwa kidogo. Ilibidi kungojea mpaka mwaka 1981, wakati Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ndipo wenye lugha walipopata kamusi kamili iliyotungwa na wenzao kwa ajili yao. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilitoa Kamusi Kuu mwaka 2015.

Na Kinandi, lugha iliyozaa neno Sisibo? A. C. Hollis, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu juu ya Wanandi, lugha yao na hadithi zao, mwaka 1909, yaani mwaka mmoja kabla ya posta ya shamba 64 kufunguliwa. Baada ya hapo ilipita miaka mingi mpaka Jane Tapsubei Creider na Chet Creider walipotoa kamusi ya Kinandi mwaka 2001, nayo ikachapwa Köln, Ujerumani. Kazi yao haikuwa nyepesi, kwa kuwa Kinandi hutofautisha maneno kwa sauti kupanda na kushuka, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi hayo. Mtoto aliyezaliwa Nandi huyasikia bila ya kufundishwa, lakini akiulizwa ayaandike hujikuna kichwa.

Siku hizi vikaratasi vimekwisha kuwa kumbukumbu. Wahariri hutumia kompyuta zinazosoma mamilioni ya kurasa kwa dakika chache, na kamusi ya Oxford husahihishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2022 waliingiza maneno mengi ya Kiingereza kinachosemwa Afrika ya Mashariki, yakiwamo jembe, githeri na nyama choma. Neno safari liliwatangulia zamani, tangu siku za wasafiri wa karne ya kumi na tisa. Basi maneno yaliyokwenda Ulaya na yaliyokuja Uasin Gishu yamepishana njiani.

Lakini kompyuta husoma kilichoandikwa tu. Mambo ya Sisibo kwa sehemu kubwa hayakuandikwa. Waliokuwapo mwaka 1910, waliomsikia mlowezi akitaja nambari ya shamba kwa mara ya kwanza, hakuna hata mmoja aliye hai. Walio hai ni wajukuu wao, na wajukuu hao huzeeka. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, hakiko mbali na mji, na wanafunzi wa lugha hawakosekani huko. Kikaratasi chenyewe si kitu kigumu kukiandika. Juu, neno: Sisibo. Chini, jina la mzee aliyelisema, mahali alipozaliwa, mwaka, sentensi aliyoitumia kwa maneno yake mwenyewe. Na kama alisikia kwa baba yake kwamba ilikuwa nambari ya shamba, au kwamba ilikuwa maili kutoka Kibigori, iandikwe vile vile alivyosema.